Fundi wa Neasden na Mpira wa Yai

Kila aliyempelekea Fundi kiatu alirudi nyumbani na habari za Melbourne. Hukuwa na njia ya kuzikwepa. Duka lake pale Neasden, London, lilikuwa jembamba kama korido, na kiti cha wateja kilikuwa kimoja tu, kimebanwa kati ya mashine ya kushonea na ukuta, kwa hiyo ukishaketi ndiyo basi. Yeye huku anabandua soli, huku anakueleza jinsi timu yake ilivyodhulumiwa fainali, na kwa nini mpira unaochezwa kule ndio mpira, na huu tunaoushabikia sisi wengine ni mazoezi ya kupasha miguu moto.

Niliingia humo mara ya kwanza mwaka 1994, nikiwa mwanafunzi wa unesi, kisigino kimoja kinaning'inia. Nilimsalimia kwa Kiingereza, kwa kuwa nilimwona Mhindi. Aliponiuliza jina ili aliandike kwenye tiketi na akalisikia, aliweka nyundo chini akaniuliza, kwa Kiswahili cha Tanga kilichonyooka kuliko changu, kama natokea pwani au bara. Nikasema Korogwe. Nikamwamkia upya, shikamoo, naye akaitikia marahaba taratibu, kama mtu anayeonja kitu alichokuwa hajakila miaka. Tangu siku hiyo akaniita Sista, hata kabla sijahitimu, nami nikamwita Fundi kama alivyoitwa na kila mtu. Wateja Waingereza walidhani hilo ndilo jina lake la ukoo. Wakati wa Krismasi alipata kadi zilizoandikwa Bwana na Bibi Fundi, na mkewe alizipanga zote juu ya runinga bila kulalamika.

Alikuwa mzaliwa wa Tanga, mtu mfupi, mwenye miwani iliyofungwa uzi wa viatu shingoni, na vidole vilivyojaa alama za sindano. Nyama hakuwahi kuigusa maisha yake yote, wala yai, lakini mchana kutwa alishughulika na ngozi ya ng'ombe. Nilipomuuliza anawezaje, alisema ng'ombe hakumwomba ushauri kabla ya kufa, na yeye alichofanya ni kuhakikisha hakufa bure. Mkewe hakuridhika na jibu hilo. Aproni haikuruhusiwa kufika nyumbani, na Fundi aliosha mikono mara mbili, dukani na tena nje ya mlango wa nyumba, kwenye ndoo aliyowekewa, hata wakati wa baridi kali. Hekalu kubwa la Kihindu la mawe meupe lilipofunguliwa jirani, mkewe akawa anaenda karibu kila siku. Yeye alienda siku za sikukuu, na alikiri waziwazi kwamba alifuata vyakula.

Dirishani alitundika mpira mwekundu wa ngozi, mrefu, uliochongoka pande mbili. Wapita njia walidhani ni wa raga. Kosa hilo lilimkera kuliko matusi, na nimemwona kwa macho yangu akitoka nje na kiatu cha mtu mkononi kwenda kulisahihisha. Huo ulikuwa mpira wa Kiaustralia, alisema, mchezo wenye sheria zake wenyewe. Unaupiga kwa mguu, unaupasi kwa ngumi, unaruhusiwa kuudaka. Uwanja ni duara refu lisilo na kona, watu kumi na wanane kila upande, na hakuna kuotea. Goli lina nguzo nne, wala halina mwamba wa juu. Ukipitisha mpira kati ya nguzo mbili za katikati unapata pointi sita. Ukikosa kidogo, ukapita pembeni yake, unapata moja.

Hiyo pointi moja ndiyo aliyoipenda kuliko vyote. Aliniambia hakuwahi kuona nchi nyingine inayompa mtu kitu kwa kukosa kidogo. Akaifanya kuwa kipimo chake cha mambo yote. Nilipofeli mtihani wa leseni ya udereva kwa kosa la mwisho kabisa, wakati naegesha gari, alinyanyua kidole kimoja bila kuacha kazi. Nilipofaulu mara ya pili akanyanyua sita. Miaka kadhaa baadaye rafiki yetu Bahati, kinyozi wa mlango wa pili, alinyimwa ukimbizi lakini akaruhusiwa kukata rufaa. Fundi alitoka dukani, akasimama mlangoni kwa Bahati, akanyanyua kidole kimoja, na siku hiyo hakuna aliyecheka. Rufaa ilipokubaliwa Fundi alifunga duka saa nne asubuhi, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya, akamletea sahani ya ladu, vile vitamu vya Kihindi vya kuviringwa kama mipira midogo. Akazihesabu mbele yake. Zilikuwa sita.

Habari ya jinsi alivyoingia katika mchezo ule nimeisikia mara nyingi, na kila mara iliongezeka kidogo, ila kiini chake hakikubadilika. Alifika Melbourne katikati ya miaka ya sabini akapata kazi kwenye kiwanda kidogo cha kushona mipira. Kwa miezi sita hakuna aliyezungumza naye zaidi ya mambo ya kazi. Hawakuwa watu wabaya, alisema, ila hawakujua waanzie wapi. Kisha Jumatatu moja mwanamke wa mashine ya jirani akamuuliza anashabikia timu gani. Akajibu hana. Yule mwanamke akamtazama kama mtu aliyesema hana mahali pa kulala. Ukutani kulikuwa na kalenda yenye picha ya mchezaji aliyevaa jezi ya mistari, na Fundi, kwa kukosa la kufanya, akaelekeza kidole pale. Nusu ya chumba ikaguna, nusu nyingine ikaja kumpigapiga begani. Mchana huohuo alikula chakula chake cha mchana mezani pamoja na watu kwa mara ya kwanza. Alikuwa amepata ndugu na maadui kwa dakika moja, na maadui, alisema, walimfaa vilevile, kwa sababu nao walikuwa na la kumwambia kila Jumatatu.

Kiwandani hapohapo walikuwepo Wagiriki na Wataliano waliocheza soka kila Jumapili. Walikuwa na timu zao, wanapika, wanaimba, watoto wanakimbia huku na huko. Walimwalika tena na tena. Hakwenda hata mara moja.

"Sikusafiri mbali kote kule nikawe mgeni pamoja na wageni," aliniambia.

Nilifikiri sana kuhusu maneno hayo, kwa sababu London alifanya kinyume chake. Hapa aliishi katikati yetu sisi wageni wa kila namna, na Waingereza aliowajua kwa majina hawakuzidi kumi. Sababu ya kuhama ilikuwa mkewe, aliyetaka kuwa karibu na dada zake. Kijana wao wa pekee alibaki Melbourne na familia yake. Na mipira aliyoletewa hapa ilikuwa ya mviringo mitupu. Aliitia viraka na kubadilisha vali, akiikemea kwa Kiswahili kama mtu anayemwogesha mtoto mtukutu. Lakini sikuwahi kuona mpira uliotoka mikononi mwake ukiwa haujakaa sawa. Aliuviringisha sakafuni mara tatu kabla ya kuutoa, na ukipinda hata kidogo aliufumua upya.

Bahati alikuja kupanga duka la jirani mwaka 1999. Alitokea Bukavu, kijana mrefu wa sauti ya chini, na alikuwa nahodha wa timu yetu ya Jumapili, Wakongomani na Watanzania wanaofanya kazi za usafi, maghala na kuhudumia wazee. Mimi nilikuwa daktari wao, yaani nilibeba barafu na bandeji. Siku ya kwanza Bahati alisimama mbele ya dirisha la Fundi akautazama ule mpira mwekundu kwa muda mrefu, kisha akaingia.

"Mzee, huu mupira yako iko yai," alisema. "Kwetu yai tunakula."

Tangu hapo mchezo wa Fundi ukaitwa mpira wa yai, na ubishi ulioanza siku hiyo ulidumu miaka tisa. Swali lilikuwa lilelile: je, soka itaimeza michezo mingine ya Australia, au haitaimeza? Bahati alisema ni suala la muda tu. Soka haihitaji chochote ila mpira, tena hata wa matambara. Watoto wa dunia nzima wanajua majina ya wachezaji walewale. Kina mama wakiona watu wanavyopandiana mabegani kudaka yai lile, watawapeleka watoto wao kwenye soka wenyewe. Na kila baada ya miaka minne dunia inakusanyika kwenye karamu moja, na Waaustralia watachoka kuchungulia dirishani.

Fundi alikuwa na majibu ya yote hayo. Uwanja wa fainali ya mpira wa yai unajaa hadi safu ya juu kabisa. Kila kitongoji cha Melbourne kina uwanja wake, na mtoto anachaguliwa timu kabla hajapewa jina. Kuhusu Sydney hakujisumbua; kule wanacheza raga yao ya watu kumi na watatu, na watu wa namna hiyo wanaweza kupatwa na lolote. "Soka iko njiani kuja Australia tangu mimi nafika," alisema, "na mpaka leo haijatoka uwanja wa ndege."

Nilipenda kuwasikiliza. Nikitoka shifti ya usiku nilipita pale hata kama viatu vyangu vilikuwa vizima. Nilikuwa nimekwishahamia Edmonton, kaskazini mwa London, wakati huo na safari ilikuwa ya mabasi mawili, lakini nilikuwa nakwenda.

Mara moja tu nilimwona akiwa na watu wa mchezo wake. Ilikuwa siku ya fainali, Jumamosi moja ya mwisho wa Septemba, ambayo kwa London inaanguka alfajiri. Mkewe alikataa kuamka, kwa hiyo alinichukua mimi hadi kwenye baa moja ya magharibi mwa mji iliyojaa vijana wa Kiaustralia waliokuja Uingereza kutembea na kufanya vibarua. Fundi alivaa skafu ya mistari, mkononi ana chombo chake cha chakula cha ghorofa tatu. Kijana wa mlangoni alidhani amepotea akamwonyesha kituo cha basi. Tukaingia hata hivyo. Mara refa akatoa uamuzi uliozua kelele, vijana wakaanza kuulizana sheria inasemaje, na Fundi, pale alipoketi, akaieleza: ilivyo sasa, ilivyokuwa zamani, na mwaka ilipobadilishwa. Mapumziko yalipofika walikuwa wamemzunguka, wanamnunulia soda ya limau, wanakula bajia zake, na binti mmoja mwenye nywele nyekundu alimlilia begani kwa sababu timu yao imefungwa. Wakati wa kurudi alikuwa ameikunja skafu magotini kama kitambaa cha mezani. Aliniambia kwamba hiyo ndiyo ile Jumatatu ya kiwandani aliyokuwa ananisimulia siku zote, na sasa nimeiona mwenyewe.

Kila Jumapili jioni alimpigia simu mjukuu wake Melbourne. Jina lake Rekha, mtoto wa huyo kijana wake, na ndiye aliyerithi mchezo. Baba yake hakuupenda. Rekha alianza kuucheza akiwa na miaka saba, msichana peke yake katika timu ya wavulana. Fundi alimshonea mpira wa saizi yake akautuma kwa posta. Walizungumza lugha mbili, yeye Kigujarati, binti Kiingereza, na katikati walikutana kwenye magoli. Jumatatu tulipata taarifa kamili: Rekha kafunga mawili, Rekha kateguka kidole, Rekha kadaka juu ya kichwa cha mvulana anayemzidi futi nzima. Bahati akianza maneno ya soka, Fundi alimtaja Rekha, na ubishi ukaishia hapo. Maadamu yeye yuko uwanjani, mpira wa yai ulikuwa mzima.

Mwaka 2005, mwezi wa pili au wa tatu, nilikwenda dukani nikamkuta amekaa bila kazi mkononi. Aliitikia shikamoo yangu. Nikaketi kwenye kile kiti. Akasema kijana wake amempigia simu. Rekha ameacha mpira wa yai, amejiunga na klabu ya soka ya wasichana. Tena si jana wala juzi, ni mwaka mzima sasa.

"Wameniibia, Sista," akasema. "Bahati alisema watakuja, na wamekuja nyumbani kwangu."

Nilimuuliza kwa nini ameacha. Akajibu kwamba soka ina pesa, ina runinga, ina majina makubwa, watoto wanafuata mwanga. Nikamuuliza Rekha ana miaka mingapi. Kumi na minne, akielekea kumi na mitano. Nikauliza kama kule msichana wa umri huo anaruhusiwa kuendelea kucheza na wavulana. Akatazama nyundo yake. Hapana, alisema, sheria ni kwamba akifika umri huo basi. Nikauliza kama kuna timu ya wasichana jirani na kwao. Hakujua. Miaka yote ile ya kunisomesha sheria, hiyo moja hakuwahi kuijua.

Sasa mimi nina jambo langu hapo. Korogwe nilicheza mpira na kaka zangu nyuma ya kiwanda cha mkonge mpaka nilipofikisha miaka kumi na moja. Siku moja bibi yangu akaja mpaka katikati ya uwanja, akaokota mpira, akaupa kaka yangu mkubwa, akanishika mkono tukarudi nyumbani. Hakunipiga wala kunigombeza. Kaka zangu waliendelea na mchezo kabla hatujafika njiani. Sikuwa nimemsimulia mtu habari hiyo London, na pale dukani sikuisimulia pia, lakini ndiyo iliyonisemesha.

"Fundi, hakuna aliyekuibia," nilisema. "Nyinyi ndio mliomtoa nje. Soka imemkuta amesimama barabarani, ikamfungulia."

Alichukua kiatu cha mteja akaanza kukipiga msasa, na hakuninyanyulia uso. Nilisubiri, kisha nikaaga, naye akaitikia kwa kichwa tu. Kwenye basi nilijuta. Huyu alikuwa mtu wa umri wa baba yangu, na alikuwa na huzuni, nami nikamwongezea. Jumatatu iliyofuata sikwenda, wala ile iliyofuata. Bahati alinipigia simu kuniambia kwamba Fundi ameutoa ule mpira mwekundu dirishani.

Jumapili ya tatu kengele ya nyumba yangu ililia. Nilifungua nikamkuta Fundi amesimama na koti lake zito, mkononi ana mfuko wa vyakula kutoka kwa mkewe. Alikuwa ametoka Neasden mpaka Edmonton kwa mabasi mawili, na hakuwahi kuja kwangu kabla. Nilimkaribisha, nikamwamkia, nikaweka chai. Alikunywa nusu kikombe ndipo akaeleza alichokijia.

Alikuwa amempigia Rekha siku isiyokuwa Jumapili na kumtaka amwambie kila kitu. Binti akamwambia. Mechi ya mwisho ya msimu, kocha alimpa mkono, akamshukuru, akamwambia amekuwa mchezaji mzuri. Hakuna aliyemwambia aende wapi baada ya pale. Alilia kwenye gari hadi nyumbani. Kisha msimu mpya ukafika, simu ya Jumapili ikalia, na babu yake akamuuliza amefunga mangapi.

"Akasema mawili," Fundi alisema. "Akaogopa kunivunja moyo. Jumapili iliyofuata akasema moja. Mwaka mzima, Sista, mtoto yule alikuwa anatunga mechi ili mimi nilale vizuri. Hata kile kidole hakikuteguka."

Alivua miwani akaiacha ining'inie kifuani. Nikamsogezea sahani ya mihogo ya kukaanga. Akala. Baadaye akaniambia kuwa nilisema kweli, ila ningeweza kuisema kwa sauti ndogo kidogo, na mimi nikakubali. Ndipo nikamsimulia habari ya bibi yangu na ule mpira. Alisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza swali moja tu: nilikuwa nacheza nafasi gani. Nikamwambia winga wa kulia, akatikisa kichwa kama mtu aliyethibitisha jambo alilolishuku.

Jumatatu mpira mwekundu ulirudi dirishani, na ubishi na Bahati ukaendelea, lakini Fundi alibishana kwa namna nyingine. Bahati akisema soka itameza, yeye hakutaja tena viwanja vinavyojaa. Alisema mchezo ukipoteza watu, kwanza uangalie milango yake mwenyewe. Aliwaandikia barua wakubwa wa mchezo kule Melbourne, kwa mkono, kurasa tatu. Alijibiwa kwa karatasi ya shukrani iliyopigwa chapa. Alinyanyua kidole kimoja, akaandika nyingine.

Novemba mwaka huohuo Australia ilicheza na Uruguay mechi ya kuamua nani aende Kombe la Dunia, ambalo Waaustralia hawakuwa wamelifikia kwa zaidi ya miaka thelathini. Kwetu ilikuwa asubuhi. Bahati aliwasha runinga ya saluni. Fundi alisema hana haja nayo. Halafu akaenda kuazima mkasi. Alisimama mlangoni na ule mkasi, kwa mujibu wa Bahati, kwa muda wa saa mbili na nusu, wateja wanapita chini ya mkono wake, mpaka mikwaju ya penati. Australia ikashinda. Bahati, aliyekuwa na haki ya kujigamba kuliko siku nyingine yoyote, alisema hakuweza, kwa sababu alimwona mzee akifuta miwani kwa ncha ya aproni. Fundi alirudisha mkasi ambao hakuutumia. Simu ya dukani kwake ikalia muda huohuo. Alikuwa Rekha, anapiga kelele, na babu yake akamwambia apunguze sauti, yeye si kiziwi, ameona yote.

Kombe lenyewe lilipokuja mwaka uliofuata aliangalia mechi zote nne za Australia akiwa ameketi kabisa, kwenye kiti cha kunyolea. Walitolewa kwa penati ya sekunde za mwisho, na Fundi alizungumzia penati hiyo mwaka mzima. Mchezo gani huu, aliuliza kila mteja, mtu anajiangusha mwenyewe halafu anapewa zawadi. Tulifurahi sana kumsikia. Alikuwa amekasirika kama shabiki.

Mara ya mwisho kuwa naye siku nzima ilikuwa Jumapili moja ya Agosti mwaka 2008. Rekha alikuja kutembea, binti wa miaka kumi na minane, mrefu, mwenye makovu ya magoti, anatembea kama yuko tayari kukimbia. Timu yetu ilikuwa na mechi ya kirafiki dhidi ya Watanzania wa Ilford, na asubuhi hiyo beki wetu mmoja aliitwa kazini. Bahati alimtazama Rekha, Rekha akamtazama babu yake, na babu yake akasema hilo si la kumuuliza yeye. Bahati akampa jezi.

Alicheza vizuri kuliko wanaume wote waliokuwa pale, na nasema hivyo nikiwa daktari wa timu. Fundi alikaa kwenye kiti cha kukunja kando ya mstari na mkewe, aliyekuja na thamosi ya chai na sweta la ziada. Tulikuwa sare mbili kwa mbili, zimebaki dakika chache, Ilford wakapiga kona. Mpira ukapanda juu sana. Rekha akarudi hatua mbili, akaruka, goti likatua begani kwa golikipa wetu mwenyewe, akaudaka mpira kwa mikono miwili hewani, safi, akashuka nao kifuani.

Kwenye mchezo wake wa utotoni hilo ndilo jambo zuri kuliko yote. Ukidaka hivyo kila mtu anasimama na unapewa nafasi ya kupiga bila kuguswa. Kwenye soka ni penati. Refa akapuliza. Rekha akauangalia mpira mikononi mwake, akafunika uso kwa jezi. Na kando ya mstari Fundi alikuwa ameinuka kwenye kiti, mzee wa miaka sabini na kitu, anapiga makofi peke yake, machozi yanamtiririka, na mkewe anamvuta koti akae chini.

Penati ikaingia. Tukafungwa tatu kwa mbili.

Mechi ilipokwisha Bahati aliwaendea wote wawili. Nilidhani atalalamika. Akasema amebisha miaka tisa juu ya kitu ambacho hajawahi kukiona, na anataka afundishwe kile alichokifanya binti. Fundi akasema huo mpira si wenyewe, ni wa mviringo. Bahati akamwambia leo watausamehe. Basi Fundi akasogea katikati, akawapanga kwa mikono kama mtu anayepanga viti, wetu na wa Ilford pamoja, nao wakaanza kupandiana mabegani kudaka mpira: waosha vyombo, walinzi, wahudumu wa wazee, mhasibu mmoja mwenye kitambi. Nikavua viatu nikaingia upande wa kulia. Hakuna aliyenitoa.

Tuliukosa mpira zaidi ya tulivyoudaka. Bandeji zangu ziliisha. Kila Fundi alipotangaza sheria Rekha alimrekebisha kwa Kiingereza kwamba hiyo waliibadilisha zamani, Babu, siku hizi hawachezi hivyo, naye akamjibu kwa Kigujarati kwamba walikosea kuibadilisha. Mkewe alikwisha kukunja viti na kufunga thamosi, akatuita mara tatu. Babu na mjukuu walitoka uwanjani wa mwisho, bado wanabishana, na walikuwa bado wanabishana walipopanda basi.